Wenye Kalamu ya Pambizoni

Chukua kimojawapo cha vile vitabu vya fiqhi vilivyopigwa chapa Kairo miaka mia na zaidi iliyopita, vyenye karatasi ya manjano, ambavyo hadi leo hukutwa katika makabati ya misikiti na nyumba za wanavyuoni Lamu, Mombasa na Unguja. Usianze kusoma. Utazame kwanza ukurasa ulivyopangwa. Katikati kuna maneno machache yaliyofungiwa ndani ya mabano. Hiyo ndiyo matini, maneno ya mtunzi wa asili. Yamezungukwa na maneno mengi zaidi yasiyo na mabano, nayo ndiyo sharhi. Kisha umepita mstari wa fremu, na nje ya fremu herufi zimebanana mpaka ukingoni mwa karatasi. Hapo pana hashia, yaani maelezo ya mtu wa tatu juu ya maelezo ya mtu wa pili. Watu waliopishana kwa mamia ya miaka wamekutana katika karatasi moja, na kila mmoja amepewa mahali pake. Ikiwa nakala yenyewe imesomewa kweli, yupo na mwingine: mwanafunzi aliyepenyeza kalamu yake baina ya mistari, akaandika kwa herufi za sisimizi maana ya neno lililomshinda.

Watunzi wana wasifu wao wa kutosha. Mimi nataka kuwasifu hawa wa pambizoni, kwa kuwa wana ufundi ambao mtunzi aliye huru hahitaji kuwa nao. Mtunzi akikwama hugeuza sentensi. Mwenye sharhi hana ruhusa hiyo. Sentensi si yake.

Ufundi wenyewe huonekana vizuri zaidi katika sharhi ya kuchanganya, ile ambayo maneno ya mwenye sharhi huingia ndani ya sentensi ya mwenye matini vikawa kitu kimoja. Bingwa wake mmoja ni Jalaluddin al-Mahalli, mwanachuoni wa Kairo aliyefariki mwaka 1459, aliyeifafanua Minhaj ya Imamu Nawawi. Masharti ya kazi hiyo ni magumu. Neno la matini halifutwi wala halihamishwi. Zaidi ya hayo, katika Kiarabu mwisho wa neno hubadilika kwa kadiri ya kazi yake ndani ya sentensi, kwa hiyo mwenye sharhi akichomeka maneno yake ovyo atalilazimisha neno la mwenzake libadili irabu. Inampasa ajenge vipande vyake kwa namna ambayo, baada ya kuvitia vyote, kila neno la asili limebaki na irabu yake ileile na sentensi nzima bado inasomeka.

Kwa Kiswahili hatuna tatizo la irabu za mwisho, lakini tunaweza kuuonja ufundi huo. Tuseme matini yetu ina maneno matatu tu: Maji yaliyobadilika hayatwahirishi. Nimeitunga mwenyewe kwa mfano, ingawa hukumu ni ya madhehebu ya Shafi. Sasa aje mwenye sharhi:

(Maji) ya mvua, ya kisima au ya bahari (yaliyobadilika) ladha, rangi au harufu, badiliko kubwa, kwa kitu kisafi kilichochanganyika nayo na ambacho maji hayana haja nacho, kama zafarani, (hayatwahirishi) mwili wala nguo, ingawa yenyewe ni safi na yanafaa kunywewa.

Yasome tena polepole, uone kila kipande kimewekwa kumzuia nani. Aliposema badiliko kubwa, amemtoa mtu mwenye tone la marashi katika ndoo. Aliposema kitu kisafi, ameitoa najisi, ambayo ina mlango wake na hukumu yake. Kilichochanganyika nayo kinatoa kipande cha udi kilichotumbukia kikatoa harufu bila kuyeyuka. Ambacho maji hayana haja nacho ni kwa ajili ya tope na ukungu wa kisimani, kwa sababu maji ya kisima hayawezi kuepukana na tope lake, na sheria haikumtaka mtu jambo lisilowezekana. Na mwisho ule, ingawa yenyewe ni safi, ni wa kumtuliza mama wa nyumbani ambaye angeyamwaga maji yake yote kwa kudhani yamekuwa najisi. Hakuna kipande kilichowekwa kwa urembo. Kila kimoja ni jibu la swali ambalo halikuulizwa, na muulizaji wake yumo akilini mwa mwandishi, amekaa mbele yake na kitabu magotini.

Hapo hashia haijaja. Mwenye hashia atakuja baada ya miaka mia mbili, aisome sharhi hii kwa jicho kali, kisha aandike pembeni: kauli yake "ya bahari". Ndivyo hashia zinavyozoea kufungua kila elezo, kauli yake hii, kauli yake ile. Ataeleza kwamba bahari imetajwa kumjibu anayedhani chumvi ni badiliko. Atauliza kwa nini zafarani ikatolewa mfano na siki isitolewe. Pengine atamtetea mwenye sharhi dhidi ya hashia nyingine iliyomkosoa, na pengine atamkosoa yeye mwenyewe, kwa adabu, kwa maneno kama "hapa pana la kutazamwa". Nimeipenda sana adabu hiyo. Mtu anaambiwa amekosea bila kunyanyuliwa kitini.

Lakini ili uone kwa nini kazi hii ilihitajika, lazima uijue Minhaj yenyewe. Nawawi alizaliwa Nawa, katika nchi ya Sham, mwaka 1233 na akafariki 1277. Kitabu chake ni muhtasari wa Muharrar ya Imamu Rafii, na kilifupishwa kwa makusudi ili kihifadhiwe kwa moyo. Sasa, sheria ya Kishafi wakati huo ilikuwa na mabishano ya zaidi ya karne nne, tangu Imamu Shafi mwenyewe aliyefariki mwaka 820, ambaye alikuwa na kauli za zamani za Iraki na kauli mpya za Misri. Baada yake wakaja wafuasi waliotoa rai zao kwa kufuata misingi yake. Baada yao wakaja wapokezi waliohitilafiana hata juu ya nini hasa kilipokewa. Utayaingizaje yote hayo katika kitabu cha kuhifadhi?

Nawawi aliyaingiza kwa istilahi. Akiandika adhhar, amekwambia kwamba Imamu Shafi ana kauli mbili au zaidi katika jambo hilo, kwamba kauli iliyoachwa nayo ina nguvu, na kwamba hii ndiyo iliyoshinda. Akiandika mashhur, kauli pia ni za Shafi, ila iliyoachwa ni dhaifu. Akiandika asahhi, wanaobishana si Shafi tena bali ni wafuasi wake, na aliyeshindwa ana hoja nzito. Akiandika sahihi, aliyeshindwa hoja yake ni nyepesi. Akiandika madhhab, hitilafu iko katika mapokezi. Akiandika qila, "imesemwa", ujue rai hiyo ni dhaifu na ameitaja tu isipotee. Mwanafunzi anayepita juu ya neno asahhi kama anavyopita juu ya neno lolote amelikanyaga bishano zima bila kujua.

Ndiyo maana nakiheshimu kijitabu cha Sayyid Ahmad bin Sumayt. Huyu alizaliwa Ngazija mwaka 1861, akawa kadhi Zanzibar, na akafariki hapo 1925. Miongoni mwa aliyoyaandika ni risala inayoitwa al-Ibtihaj, na shabaha yake ni hiyohiyo moja: kufafanua istilahi za Minhaj. Fikiria kiasi cha unyenyekevu kilichomo. Mtu ambaye fatwa zake zilitafutwa kutoka mbali ameketi kuandika kitabu ambacho hakitoi hukumu hata moja mpya. Kinamfundisha msomaji tu namna ya kuisikia sauti ya Nawawi ndani ya neno moja. Kazi hiyo haikubaki ya pwani yetu peke yake. Imechapwa pamoja na Minhaj na kusomwa na Mashafi wa nchi nyingine.

Kuna jambo la kuchekesha kidogo katika silsila hii. Muharrar ilifupishwa ikawa Minhaj. Sheikh Zakariya al-Ansari, aliyefariki mwaka 1520, aliiona Minhaj bado ndefu, akaifupisha tena ikawa Manhaj. Kisha akaiandikia Manhaj yake hiyo sharhi mwenyewe, Fat-hul Wahhab. Na sharhi hiyo ikaandikiwa hashia na wengine, mmoja wao Sulayman al-Jamal. Kitabu kinabanwa, kinafumuliwa, kinabanwa tena. Wapo wanaoyacheka haya na kuyaita uvivu wa akili. Mimi naona sababu yake ni kwamba kitabu kilikuwa na kazi mbili zisizopatana. Kwanza kiingie kifuani, na kifua hakibebi kurasa elfu. Pili kitumike mbele ya watu wenye kesi ya talaka na mirathi, na kesi haimaliziki kwa maneno matatu.

Kitabu cha sharhi kinachojulikana zaidi na watu wa kawaida katika pwani yetu ni Tafsiri ya Jalalayn, tafsiri ya Majalali wawili. Al-Mahalli, yuleyule wa Minhaj, alianza kuifasiri Qurani kutoka Suratul Kahf hadi mwisho, akarudi kwenye Fatiha, na mauti yakamkuta. Kijana mmoja, Jalaluddin as-Suyuti, akaichukua kazi kutoka Baqara hadi Israi, akaimaliza kwa muda wa siku arubaini. Jambo la ajabu si hizo siku arubaini. Ni kwamba msomaji asiyeambiwa hawezi kirahisi kuonyesha kidole mahali mkono wa mmoja ulipoishia na wa mwingine ulipoanzia. As-Suyuti alikuwa mwandishi mwenye majivuno, hilo halifichiki katika vitabu vyake vingine, lakini hapa aliikunja sauti yake akavaa ya marehemu.

Na ufupi wa tafsiri hiyo una kisa. Haji Khalifa, yule Mturuki aliyeorodhesha maelfu ya vitabu katika karne ya 17, amemnukuu mwanachuoni mmoja wa Yemen aliyehesabu herufi za Qurani na herufi za tafsiri hii, akakuta ziko sawa mpaka Suratul Muzzammil, na kuanzia Muddaththir tafsiri ikazidi. Hesabu hiyo haikuwa ya mchezo. Msahafu haushikwi bila udhu, na kitabu ambamo tafsiri imezidi maneno ya Qurani hukumu yake ni nyepesi. Kwa hiyo kulikuwa na mtu aliyetaka kujua kama mwanafunzi anaweza kukibeba kitabu chake hali hana udhu, akaketi akahesabu herufi moja moja.

Mwezi wa Ramadhani, baada ya sala ya alasiri, misikiti mingi ya pwani hugeuka darasa la tafsiri. Msomaji anasoma aya, sheikh anamsimamisha, anafasiri kwa Kiswahili, anamwashiria aendelee. Kwa anayesikiliza kwa mara ya kwanza, sheikh anaonekana kama anatafsiri tu. Kaa naye wiki moja. Utaona kwamba kuna mahali anapita mbio na mahali anaposimama kwa robo saa, na kwamba mahali hapo hapafanani kila mwaka. Kukiwa na mzozo wa mirathi mtaani, aya za Suratun Nisaa zitachukua siku nzima. Mbele yake pana Jalalayn, pengine na hashia ya al-Jamal au ya as-Sawi, na anachokifanya ni kuongeza tabaka jingine juu ya matabaka hayo, la sauti tupu, kwa watu waliomo mbele yake jioni ile. Anasema, anasema, anasema. Neno hilo ndilo linalobeba darasa zima. Sheikh Abdallah Saleh Farsy alipotoa Qurani Takatifu yake mwaka 1969, pamoja na maelezo chini ya kurasa, alilipa darasa hilo makazi ya kudumu katika maandishi ya Kiswahili. Huyo huyo, katika kitabu chake juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, anayasimulia maisha ya mtu kwa kutaja alisoma kitabu gani kwa nani. Nani alimfasiria nani, hiyo ndiyo historia yenyewe.

"Anasema" hilo lilikuwa pia silaha ya Ibn Rushd, mtu wa Córdoba, aliyezaliwa mwaka 1126 na kufariki 1198. Yeye aliandika juu ya vitabu vya Aristotle kwa saizi tatu: muhtasari, maelezo ya kati, na sharhi ndefu. Katika ndefu, aliandika kipande cha Aristotle kwa ukamilifu, kisha akakikata vipande vidogo na kuvifafanua kimoja kimoja. Hakujua Kigiriki. Alikuwa na tafsiri za Kiarabu tu, na palipokuwa na zaidi ya moja alizilinganisha, akapima ipi inaleta maana inayooana na sehemu nyingine za kitabu. Wasomi wa Ulaya waliosoma kazi zake kwa Kilatini walimwita Mfafanuzi, bila jina, na kila mtu akajua ni nani. Sharhi yake ndefu juu ya kitabu cha nafsi haipo tena kamili kwa Kiarabu. Imebaki katika Kilatini.

Alikosea, na kosa lake moja ninalithamini. Kitabu cha Aristotle juu ya ushairi kinazungumzia tamthilia za jukwaani, na Ibn Rushd hakuwahi kuliona jukwaa. Mfasiri aliyemtangulia, Abu Bishr Matta, alikuwa ameigeuza tanzia kuwa madihi, mashairi ya sifa, na komedia kuwa hija, mashairi ya kukashifu. Ibn Rushd akaendelea hapo hapo, akaitoa mifano ya Kigiriki na kutia mashairi ya Waarabu. Ukiisoma sharhi hiyo kutafuta jukwaa la Athens hutalipata. Ukiisoma kutafuta mtu anayejiuliza sifa na kashfa zinafanya nini ndani ya nafsi ya msikilizaji, utapata mengi, na sisi tuliokulia katika maulidi na mashairi ya kujibizana tutamwelewa kuliko wengine. Hermannus Alemannus aliitia katika Kilatini huko Toledo mwaka 1256, na kwa muda mrefu wasomaji wa Ulaya walikijua kitabu cha Aristotle kwa njia ya sharhi hiyo yenye kosa.

Mayahudi nao wana ukurasa wao. Ule wa Talmudi tunaouona leo ulipangwa katika matbaa ya Daniel Bomberg, Venice, kati ya 1520 na 1523: matini katikati, Rashi upande wa ndani, na upande wa nje maelezo ya waliokuja baada yake, wengi wao wakimbishia. Rashi alikuwa mtu wa Troyes, Ufaransa, aliyefariki mwaka 1105. Yeye anajulikana kwa mambo mawili ambayo ningependa kila mfafanuzi ayaige. Neno likiwa gumu, jina la chombo au la mmea, alilieleza kwa Kifaransa cha mtaani kwake, akiliandika kwa herufi za Kiebrania. Wanaochunguza Kifaransa cha kale wanayachimba maneno hayo mpaka leo. Na alipofika mahali asipopaelewa, aliandika: sijui. Hakuzunguka.

Hilo la kwanza tunalo na sisi. Hamziya ya al-Busiri, qasida ya kumsifu Mtume iliyotungwa Misri katika karne ya 13, ilitiwa katika Kiswahili na Sayyid Aidarus bin Athman wa Pate, naye akafuata beti za Kiarabu mstari kwa mstari. Katika miswada, Kiarabu kimeandikwa juu na Kiswahili kimekaa chini yake, kwa herufi zilezile. Alikusudia kumsaidia asiyejua Kiarabu. Leo Kiswahili chake kimekuwa cha kale mno hata mtu wa Pate mwenyewe anakihitajia mfasiri, na wapo wanaokielewa kwa kuangalia Kiarabu cha juu. Sharhi imegeuka matini, inangoja sharhi yake.

Kuna na takhmisi, ambayo naiona kuwa sharhi iliyo tamu kuliko zote. Mshairi huchukua ubeti wa mwenziwe wenye vipande viwili, akautangulizia vipande vitatu vyake mwenyewe, vikawa vitano. Takhmisi ya Liyongo, inayonasibishwa kwa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, imejengwa hivyo: vitatu vya mwanzo ni vya Sayyid Abdallah, viwili vya mwisho ni vya Liyongo, mshairi wa kale wa pwani. Mipaka yake ni migumu kama ile ya al-Mahalli. Vina vimeshapangwa na aliyekufa. Maana imeshafungwa. Aliyebaki hai amepewa chumba cha mbele tu, na lazima aingie humo kwa namna ambayo Liyongo akifika katika kipande cha nne, aonekane anamjibu mtu. Takhmisi mbaya utaijua mara moja: vipande vitatu vinasema jambo ambalo viwili vitalisema tena, na msikilizaji amechoshwa kabla ya kufika. Takhmisi nzuri hukuachia swali kipande cha tatu, ukamngoja Liyongo kwa hamu ingawa unayajua maneno yake kwa moyo.

Sasa nije kwa mtu ambaye, kama ningeulizwa, ningemweka katika safu moja na hao wote. Nianze na mshairi aliyefafanuliwa naye. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, alifariki karibu na mwaka 1840. Mashairi yake mengi yalikuwa risala za wakati wake: vita vya Mombasa na Lamu, mvutano wa Mazrui, watawala wa Mombasa, na Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, ambao ulimalizika 1837 kwa Sayyid Said kuutwaa mji, ugomvi wa majirani, deni, wivu, njaa. Mtu akiimba barazani "wewe", baraza zima lilijua wewe ni nani. Miaka 50 baadaye nani angejua? Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, wa Mombasa hiyohiyo, ndiye aliyeyakusanya mashairi hayo kutoka vinywani mwa watu, akayaandika, na akayapa maelezo: shairi hili alimtungia fulani, kwa sababu hii. Aliifanya kazi hiyo pamoja na mmishenari W. E. Taylor, naye Sikujua akafariki mwaka 1890. Karatasi zao ndizo zilizomfikia William Hichens, na mwaka 1940 Diwani ya Muyaka ikachapwa Johannesburg.

Jina la Sikujua hutajwa na wataalamu, kisha basi. Lakini jaribu kuyasoma mashairi ya kisiasa ya Muyaka bila maelezo ya nani na lini. Utapata chombo, tanga, pepo, mwamba, nawe utadhani unasoma juu ya bahari. Ukiambiwa kwamba ni mji unaotishwa na mji mwingine, kila ubao wa chombo kile unapata mwenyewe. Maelezo ya sentensi moja yanaamua kama shairi liko hai au ni mapambo. Na sentensi hiyo haipatikani kwa kufikiri. Ama kuna mtu aliyemwuliza mtu aliyekuwapo, ama hakuna.

Sitaki kuificha dosari ya ufundi huu. Sheikh Muhammad Abduh wa Misri ameeleza kwamba alipopelekwa kusoma Tanta alipokuwa kijana alikaa mwaka na nusu bila kuelewa kitu, akasomeshwa sharhi ya al-Kafrawi juu ya Ajurumiya, kitabu cha nahau ambacho nacho kinasomwa sana pwani yetu. Walimu walimmiminia istilahi bila kuangalia kama anajua maana yake. Akatoroka. Sharhi ile, kabla mtoto hajajua nomino ni nini, inamchambulia Bismillahi kwa namna zote ambazo mwanazuoni angeweza kuichambua. Huyo ni mfafanuzi aliyemsahau msomaji akawaandikia wenzake. Hashia nyingi za zama za mwisho zina ugonjwa huo. Kuna kurasa ambazo wawili wanabishana juu ya wa tatu na matini imesahauliwa kabisa. Waliolalamika walikuwa na haki, ingawa tiba waliyoipendekeza, ya kuvitupa vitabu vyote, ilikuwa nzito kuliko maradhi.

Ukiniuliza, maradhi ya leo ni ya upande wa pili. Mwanafunzi wa sekondari anayesoma diwani au riwaya hununua mwongozo kabla ya kitabu. Mwongozo unampa maudhui, dhamira, wahusika, mbinu za kisanaa, vyote vimepangwa kwa namba. Haumpi kile ambacho al-Mahalli angempa: kusimama juu ya neno moja na kuuliza lingekuwaje kama lisingekuwapo. Mwongozo unasimama nje ya kitabu na kukieleza kwa jumla, na kwa hiyo unaweza kusomwa badala yake. Sharhi haisomeki bila matini. Ondoa maneno yaliyo ndani ya mabano na yote yanayobaki hayana kichwa wala miguu. Mwanafunzi wa darasa la sharhi hakuwa na njia ya mkato. Kila alipoufuata msaada alirudishwa kwenye sentensi.

Kwa hiyo nina ombi. Katika nyumba nyingi za Lamu, Siu, Pate, Mvita, Pemba na Ngazija bado mna madaftari ya mashairi ya babu na bibi, na bado wako wazee wanaokumbuka shairi fulani aliambiwa nani. Ukiwa na mzee wa namna hiyo, chukua daftari kubwa. Andika shairi katikati ya ukurasa na uache pambizo pana pande zote nne. Keti naye. Usimuulize dhamira. Muulize neno hili mlikuwa mkilitumia wapi, huyu anayesemwa ni nani, ilikuwa kabla ya mvua ile au baada yake, na yule aliyejibu alijibu nini. Akikwambia hajui, andika kwamba hajui. Akimpinga mzee mwenziwe, ziandike kauli zote mbili na majina yao, usichague. Kisha weka tarehe.